Paka wawili, vyungu kumi vya maua na ua usio na majani: uchambuzi wa kisa kimoja

Kaya inayozungumziwa hapa ina watu wazima wanne, paka wawili, vyungu kumi vya maua vilivyogawanywa kati ya sebule na baraza, na ua wa nyuma wenye ukubwa wa mita za mraba 40 hivi, ambao kwa muda mrefu ulikuwa udongo mtupu. Paka mkubwa ni jike mwenye umri wa miaka 11, mtulivu, anayeshinda amejilaza kivulini. Mdogo ni dume ambaye alikuwa hajatimiza mwaka, mwenye tabia ya kutafuna chochote kinachoning'inia. Walioniomba ushauri ni mama mwenye nyumba na mkamwana wake, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito. Walikuja na maswali mawili waliyoyaona kuwa hayahusiani: kwanza, kama maua yote ya ndani yatupwe baada ya yule dume kuugua ghafla, pili, ni mimea gani mizuri inayotambaa inayoweza kuufunika ua, ili upendeze na paka waache kuufanya choo.

Kwa swali la pili walikuwa tayari wana mchoro. Ukutani, palipo na kivuli, wangepanda Hedera helix, ule mmea wa kijani kibichi unaopanda kuta na kutambaa chini. Katikati wangetandaza Tradescantia zebrina, yenye majani ya zambarau na mistari ya rangi ya fedha. Na pembezoni mwa njia wangepanga safu ya Hemerocallis, ambayo maua yake ya rangi ya chungwa hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Kwa macho, mchoro ule ulikuwa mzuri sana. Nilipousoma niliona hata hivyo kwamba hatari kubwa kuliko zote katika nyumba ile ilikuwa kwenye orodha ya mimea ambayo ilikuwa bado haijanunuliwa, wakati hofu yote ya familia ilikuwa imeelekezwa sebuleni, mahali ajali ilipotokea.

Ajali yenyewe ilikuwa hivi. Jioni moja dume alikutwa akidondosha udenda mwingi, akitikisa kichwa na kupangusa mdomo kwa miguu yake ya mbele, huku akikisogelea chakula na kukiacha. Alitapika mara moja. Kwenye jani la chini la Dieffenbachia, mmea wa majani mapana uliokuwa sebuleni, palikuwa na alama za meno. Familia ilimkimbiza kwa daktari wa mifugo, ambaye alimsafisha mdomo, akahakikisha kwamba koo halijavimba kiasi cha kuziba pumzi, akamfanya anywe maji kidogo kidogo na kumweka chini ya uangalizi. Kesho yake alikuwa anakula.

Dalili hizo zinaeleza chanzo chake kwa uwazi usio wa kawaida katika mambo ya sumu. Seli za Dieffenbachia, kama zile za Philodendron, Monstera, Epipremnum, Spathiphyllum, Caladium na mimea mingine mingi ya familia ya Araceae, zimebeba fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano nyembamba sana. Jani linapotafunwa, sindano hizo huchomoka na kudunga ulimi, ufizi na utando wa koo, na maumivu huanza papo hapo. Kwa kuwa maumivu huja mara moja, paka wengi huacha baada ya kung'ata mara moja au mbili, na ndiyo sababu mimea hii huumiza sana lakini huua kwa nadra. Hatari yake ya kweli ni uvimbe wa koo unaozuia kupumua, na huo unahitaji daktari bila kuchelewa. Familia ilidhani kwamba paka alikuwa ameponea chupuchupu, ikajiandaa kutupa kila chungu. Hofu hiyo ilitokana na upendo, na siwezi kuidharau, ila ingewafanya wavitupe vyungu visivyo na dhara na wakati huohuo wapande uani mmea unaoua bila kutoa onyo la maumivu.

Kabla ya kugusa chungu hata kimoja ilibidi tukubaliane juu ya jinsi paka anavyokutana na mmea, kwa sababu watu wengi hufikiria kutafuna tu. Zipo njia tatu. Hutafuna, hasa akiwa mdogo na hasa majani membamba yanayocheza kwa upepo. Huchimba, akitafuta udongo mkavu na laini wa kufukia kinyesi. Na hujilamba, na hii ya tatu ndiyo inayosahaulika: paka hutumia sehemu kubwa ya muda anaokuwa macho akisafisha manyoya kwa ulimi, kwa hiyo chochote kilichogusa mgongo, tumbo au nyayo zake, iwe chavua, utomvu, dawa ya wadudu au mbolea ya unga, kitafika tumboni mwake hata kama hakutamani kukila. Manyoya ya paka ni kama mfuko anaozunguka nao siku nzima na kuukung'uta mdomoni jioni. Mmea wa kufunika ardhi ni kitanda chake, naye atajibingirisha juu yake kila siku, na kwa hiyo unastahili kukaguliwa kwa ukali uleule, au hata zaidi, kuliko chungu kilichopo juu ya rafu.

Lipo pia jambo la maumbile. Ini la paka lina upungufu mkubwa wa uwezo wa kuunganisha baadhi ya kemikali na asidi ya glukuroniki ili zitolewe mwilini. Ndiyo maana kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumwua, na ndiyo maana dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin humtetemesha na kumtia degedege. Kusema kwamba mbwa wa jirani alikula mmea fulani na hakudhurika hakutoi ushahidi wowote kuhusu paka.

Baada ya hapo tulivipanga vyungu kumi kwa kuuliza sumu ya kila kimoja hufanya nini ndani ya mwili, na si kwa kugawa tu kati ya mizuri na mibaya. Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu orodha zinazosambaa huweka mmea unaowasha ulimi na mmea unaosimamisha moyo chini ya alama moja nyekundu, na msomaji huishia kuogopa kila kitu au kupuuza kila kitu. Orodha inayotunzwa na ASPCA, shirika la Marekani la kuzuia ukatili kwa wanyama lenye kituo maalumu cha ushauri kuhusu sumu za wanyama, ni msaada mkubwa kwa kuwa hutaja jina la kisayansi na kemikali inayohusika, na mtu anayeisoma hadi safu ya mwisho huweza kujipimia mwenyewe uzito wa hatari.

Mshubiri ulikuwa na saponini, kemikali zenye povu kama la sabuni, na kemikali nyingine zinazoharisha na kutapisha. Unaudhi, ila unavumilika ukiwekwa mbali. Kalanchoe, yenye vichala vya maua madogo mekundu, ina glukosidi, kemikali zinazogusa moyo moja kwa moja, na kwa kuwa dume alikuwa amekwisha kuonekana akinusa maua yake, iliondoka siku hiyohiyo. Saintpaulia, ile yenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau, haina dhara kwa paka na ilibaki dirishani. Chlorophytum comosum nayo haina dhara, ingawa majani yake marefu yanayoning'inia huwavutia paka kupita kiasi, na anayeyala kwa wingi hutapika.

Vyungu viwili vilivyofanana vilileta utata. Kimoja kilikuwa Nephrolepis exaltata, jimbi halisi lisilo na sumu kwa paka. Kingine kilikuwa Asparagus setaceus, ambao kwa majani yake mepesi kama manyoya ya ndege huuzwa na kuitwa jimbi ingawa si jimbi hata kidogo. Una sapojenini, kemikali ya jamii ya saponini, ngozi ya mnyama anayeusugua mara kwa mara huwashwa, na matunda yake madogo humtapisha na kumharisha. Mama alikuwa amevinunua vyote viwili siku moja, kutoka kitalu kimoja, vikiwa na jina moja. Kwa sababu hiyo tulichukua vijiti vya mbao na kuandika jina la kisayansi kwenye kila chungu, kazi ambayo ilionekana ya kitaaluma mno mwanzoni, lakini ambayo siku ya dharura humwezesha daktari kuanza tiba bila kubahatisha.

Chungu kilichozua mabishano marefu ni cha Cycas revoluta, mmea unaofanana na mtende mdogo, kilichokuwa barazani. Baba mwenye nyumba alikuwa amekitunza kwa miaka mingi, na hoja zake hazikuwa za mtu mzembe. Alisema majani yake ni magumu na yana ncha kali, kwa hiyo hakuna paka atakayeyatafuna. Akasema pia kwamba mmea wake ni dume, na kwa kuwa mbegu ndizo zenye sumu kali zaidi, na dume hazai mbegu, hatari haipo. Hoja ya pili ilikuwa na ukweli ndani yake. Mimea hii kweli hugawanyika kuwa madume na majike, na mbegu kweli ndizo zilizo na sumu yake, saikasini, kwa wingi zaidi. Hata hivyo saikasini imo katika kila sehemu ya mmea, pamoja na mizizi na chipukizi laini ambazo hazina ugumu wowote zinapochomoza, na kazi yake ni kuharibu ini. Mnyama huanza kwa kutapika, kisha hudhoofika, na huweza kufa kwa ini kushindwa kufanya kazi hata akipata matibabu. Aidha, udongo wa chungu kile ulikuwa umechimbwa upande mmoja, kumaanisha kwamba paka walikuwa wakiingia ndani yake na kucha zao zilikuwa zikigusa mizizi. Nilimwambia baba kwamba uwezekano wa ajali ni mdogo kama alivyosema, lakini ajali ikitokea hakutakuwa na njia ya kuirudisha nyuma, na katika mambo ya namna hii ni ukubwa wa hasara unaopaswa kuamua. Alikubali kwa shingo upande, akampa ndugu asiyefuga mnyama na asiye na watoto wadogo.

Kutoka hapo tulihamia kwenye Hemerocallis, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Mimea ya jenasi mbili (makundi ya mimea ndugu), Lilium, yaani yungiyungi, na Hemerocallis, huharibu figo za paka kwa kiwango ambacho mimea mingi yenye sifa mbaya zaidi haifikii. Kila sehemu ina sumu: jani, shina, petali, kitunguu au mizizi ya chini ya udongo, chavua, na hata maji ya chombo ambamo maua yaliyokatwa yamesimama. Kiasi kinachotosha ni kidogo mno, kama vipande vya jani au chavua iliyoanguka mgongoni na kulambwa. Mbwa akila mimea hiyohiyo huumwa tumbo tu. Paka hupoteza figo. Sumu yenyewe bado haijatambuliwa kikemia, ila mwenendo wake unafahamika vizuri. Katika saa za kwanza paka hutapika, hudondosha udenda na kukosa hamu ya chakula. Kisha huweza kutulia kwa muda, na utulivu huo umewadanganya wafugaji wengi. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu figo hushindwa, mkojo huongezeka kisha hukoma, na baada ya hapo nafasi ya kumwokoa huwa ndogo sana. Tiba inayosaidia ni kusafisha tumbo na manyoya mapema na kumtia maji kwa mshipa kwa siku mbili au tatu, na matokeo huwa mazuri zaidi kazi hiyo ikianza kabla ya saa 18 kupita tangu alipokula.

Linganisha hayo na Dieffenbachia. Mmea ule ulimwumiza dume papo hapo, ukamzuia asiendelee, na ukaifanya familia nzima ikimbie kwa daktari. Hemerocallis isingemwumiza. Angeitafuna kwa raha akiwa pembezoni mwa njia, au jike mzee angelala chini yake asubuhi, chavua ya rangi ya chungwa ingemmwagikia, naye angejilamba jioni kama kawaida yake, pasipo mtu kuona jambo lolote hadi kesho yake. Mama aliniuliza, kwa haki kabisa, kama haingetosha kupanda mmea mmoja tu kwa ajili ya uzuri. Jibu langu lilikuwa hapana, na katika kisa kizima hilo ndilo jambo pekee ambalo sikuacha nafasi ya mjadala. Tuliongeza kanuni moja: maua yaliyokatwa yanayoletwa na wageni yakaguliwe mlangoni, na kama yana Lilium yasiingie ndani hata kwa saa moja. Spathiphyllum, ambayo kwa lugha za biashara hupewa jina la kuifananisha na maua hayo, haimo katika jenasi zile mbili. Inawasha mdomo kama ndugu zake wa Araceae, na ilihamishiwa ofisini kwa mkamwana.

Zilibaki Dieffenbachia na Epipremnum aureum, mmea wa mashina marefu yanayotambaa. Watu husema weka juu. Dume aliyekomaa huruka mita moja na nusu bila kujitahidi, na rafu ndefu kwake ni mwaliko. Isitoshe, Epipremnum iliyowekwa juu huteremsha mashina yake hadi usawa wa pua ya paka na majani yake ya zamani hudondoka sakafuni. Kinachozuia paka ni mlango uliofungwa. Dieffenbachia, ambayo alikuwa amekwisha kuionja, iliondolewa. Epipremnum ilipelekwa kwenye chumba cha wageni ambacho mlango wake hufungwa muda wote.

Kuondoa peke yake hakumalizi tamaa ya kutafuna. Kula majani ni tabia ya kawaida ya paka wenye afya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis waliowahoji wafugaji zaidi ya elfu moja walikuta kwamba idadi kubwa ya paka hula mimea mara kwa mara, na wengi wao hawakuonyesha dalili za ugonjwa kabla ya kula. Paka asipopewa cha kwake atachukua cha mwenye nyumba. Kwa hiyo tulipanda shayiri na ngano kwenye trei mbili za kina kifupi, moja ikianza kuota wakati nyingine ikiliwa. Mbegu zilichukuliwa zile za chakula, kwa kuwa mbegu za kupandia shambani mara nyingi hupakwa dawa. Trei iliwekwa pale ilipokuwa Dieffenbachia, kwa sababu dume alikuwa na mazoea ya kufika hapo.

Ua sasa. Paka huchagua udongo mtupu, mkavu na laini kwa kinyesi chake. Akiona jani limeziba kila mahali, au akikanyaga kitu chenye mikwaruzo, hutafuta pengine. Tandiko la mimea iliyoshikana kwa hiyo ndilo dawa hasa ya tatizo walilolileta, mradi mimea ifikie kushikana. Katika nyumba hii kulikuwa na sababu ya pili ya haraka: mjamzito. Kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii hukamilisha mzunguko wake ndani ya utumbo wa paka, na paka aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza hutoa mayai yake kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu. Mayai hayo hayaambukizi yakiwa mapya. Huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kukomaa, kisha huweza kubaki hai kwenye udongo wenye unyevu kwa miezi mingi. Mjamzito anayepata maambukizi kwa mara ya kwanza anaweza kuyapitisha kwa mtoto tumboni. Mkamwana hakuhitaji kuwaogopa paka wenyewe. Alihitaji kuacha kupalilia ua ule kwa mikono mitupu, na ikiwezekana kumwachia mwingine kazi hiyo.

Katika mchoro wa awali hakuna mmea uliopita. Hedera helix ina saponini zinazotapisha na utomvu unaowasha ngozi. Tradescantia zebrina ilikuwa ngumu kuikataa, kwa maana hufunika kivuli haraka kuliko karibu kila mmea ninaoujua na uzuri wake hauna ubishi. Tatizo ni utomvu wake, ambao huwafanya paka na mbwa wanaolala juu yake wapate vipele na mwasho tumboni, penye manyoya machache, na jike mzee angelala hapo kila siku. Kitalu kilikuwa kimewapendekezea mbadala mbili, Vinca na Sphagneticola trilobata. Ya kwanza ina alkaloidi, kemikali zenye nguvu na sumu. Ya pili imo katika orodha ya spishi 100 vamizi zilizo mbaya zaidi duniani, na sioni sababu ya kuikaribisha mahali popote isipokuwa asili yake.

Tuligawa ua kwa mwanga. Sehemu ya jua, kati ya mawe ya njia, ilipata thaimu inayotambaa, Thymus serpyllum, ambayo ni salama kwa paka, hukaa chini ya sentimita kumi, huvumilia kukanyagwa kidogo na hutoa maua madogo ya waridi yanayovuta nyuki. Inachodai ni udongo usiotuamisha maji. Kandokando yake, palipo na mawe na udongo haba, tuliweka Echeveria na Haworthia, mimea ya majani manene isiyo na sumu kwa paka, na ambayo kucha hazipati nafasi ya kuchimba kati yake. Sehemu kubwa ya katikati, yenye jua la nusu siku, ilipandwa Arachis pintoi, ndugu ya karanga mwenye maua ya manjano, mmea wa asili ya Brazili unaolimwa pia kama malisho ya mifugo, unaojitengenezea naitrojeni kupitia mizizi na kushikana kuwa zulia zito. Huo hauvumilii baridi ya kugandisha, na anayeishi penye barafu afikirie zaidi thaimu na nyasi. Ukutani, kivulini, tulitumia vichipukizi vya Chlorophytum kutoka kwenye chungu cha sebuleni, vikapandwa kwa safu iliyobanana, na kati yake jimbi la Nephrolepis.

Mama aliomba pia nepeta, kwa kuwa alisikia paka huipenda. Kemikali yake, nepetalaktoni, huwasisimua takriban theluthi mbili ya paka, na uwezo huo hurithiwa. Mwaka 2021 watafiti wa Japani, akiwemo Masao Miyazaki wa Chuo Kikuu cha Iwate, walionyesha kwamba paka anayejisugua kwenye mimea ya aina hii hubaki na kemikali kwenye manyoya na mbu humwepuka, jambo ambalo naliona kuwa uthibitisho mzuri wa jinsi mmea unavyohamia mwilini mwa paka bila kuliwa. Ikiliwa kwa wingi humtapisha, basi tulipanda vishina vichache kwenye kona ya mbali, kusudi dume apate sababu ya kwenda huko.

Miezi ya mwanzo ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa kuwa shamba lililotifuliwa karibuni ndilo choo bora machoni pa paka. Vipandikizi vya Arachis vilipandwa kwa nafasi ya sentimita 25, yaani 16 kwa kila mita ya mraba, lakini kabla ya kupanda tulilaza wavu wa kuku juu ya udongo, kingo zake zikiwa zimekunjwa chini, na kipandikizi kikapenyezwa kwenye kila tundu lililohitajika. Paka hapendi kukwangua waya. Mmea unaumeza wavu ndani ya miezi michache. Kwa matandazo tulichagua vipande vikubwa vya magamba ya miti. Maganda ya kakao, yenye harufu nzuri na rangi ya kupendeza, yalikataliwa kwa sababu yana theobromini na kafeini. Yalikataliwa pia yale ambayo watu humwaga ili kufukuza paka: vidonge vya naftalini ni sumu, pilipili ya unga huingia machoni kwa njia ya nyayo, na mafuta yenye manukato makali humdhuru mnyama ambaye ini lake haliwezi kuyavunja. Kwenye mbolea tuliepuka mashudu ya mbono, ambayo yasipochakatwa vizuri huweza kubaki na risini, na kwa konokono tuliepuka vidonge vya metaldehidi, ambavyo humtia paka degedege. Konokono waliokotwa kwa mkono jioni.

Jike na dume walihitaji mahali pao. Kona ya mita moja kwa mita moja iliachwa bila mmea, ikajazwa mchanga laini, ikawekewa kivuli, na kinyesi kikawa kinaondolewa kila siku na baba, akiwa amevaa glavu, kabla mayai ya Toxoplasma hayajapata muda wa kukomaa. Kona hiyo ndiyo iliyofanya mengine yote yawezekane, kwani paka asiyeachiwa sehemu ya kuchimba atang'oa hata tandiko lililokwisha kushika.

Baada ya miezi minne hivi Arachis ilikuwa imefunika karibu sehemu yake yote. Thaimu ilikufa pale ambapo kivuli cha ukuta kilifika mchana, na nafasi hiyo ikachukuliwa na Chlorophytum. Dume bado hutafuna ncha za Chlorophytum za uani na mara chache hutapika majani matupu, jambo lisilohitaji daktari mradi anakula, anacheza na kukojoa kama kawaida. Kwenye ukuta wa jikoni umebandikwa ukurasa wenye majina ya mimea yote iliyopo, namba ya daktari wa mifugo, na maagizo mafupi: mtoe paka penye mmea, mwondoe mabaki mdomoni na kwenye manyoya, chukua kipande cha mmea au picha yake, piga simu, na usimtapishe nyumbani kwa chumvi wala kwa haidrojeni peroksaidi, kwa kuwa huumiza tumbo lake na kumwongezea ugonjwa. Epipremnum ingali kwenye chumba cha wageni. Tulikubaliana itajadiliwa upya dume atakapofikisha miaka miwili, umri ambao kutafuna kwa mchezo kwa kawaida huwa kumepungua, na kwamba hadi wakati huo mgeni anayelala humo anaombwa aufunge mlango kila atokapo.